Nyumba ya Mkono wa Kushoto

Gesare alishuka kwenye baiskeli kabla ya daraja la Mto Kuja, si kwa kuogopa mteremko, bali magoti yalikuwa yamegoma. Jua lenyewe lilikuwa bado changa. Migori mjini walikotoka alfajiri hakukuwa mbali kiasi cha mtu kujisifu, na tayari mwili ulikuwa unamuuliza maswali. Caleb alikuwa ameshavuka, anazungukazunguka ng'ambo ya pili kwenye ile baiskeli yake ya gia, anamwonyesha korongo kwa kidole utadhani ni yeye aliyelichimba.

Usimwonee bure, msomaji. Caleb alikuwa mwalimu wa jiografia, na mwalimu wa jiografia akiona bonde hawezi kunyamaza. Alimweleza jinsi mto unavyobanwa na miamba kule Gogo kabla ya kuanguka, jinsi watakavyopanda taratibu mpaka Ndhiwa, halafu uwanda wa juu wa Kanyamwa, halafu washuke Bonde la Lambwe na kutokea Homa Bay jua likizama. Ndivyo alivyokula likizo zake zote: ramani, pampu, chapati kwenye mfuko, na barabara mbele yake. Safari nyingine zote alikwenda peke yake. Hii ya Agosti alimwomba Gesare waende wote, wapitie kwao Kanyamwa, akamwone mama.

Akamwone mama. Hayo ndiyo maneno yaliyomtoa Gesare kitandani, si maporomoko ya maji. Ndiyo yaliyomfanya aazime baiskeli ya mke wa mwalimu mkuu, baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia hata moja, na kuipanda kwenye vumbi lote lile na matako yakimuuma.

Maana hali ilikuwa imefika pabaya. Tangu Gesare alipohamishiwa shule ile ya Migori, kijana na binti wakapendana, na wakapendana kweli. Walimu wenzao walijua, wanafunzi walijua, mwenye kibanda cha chai alijua na alikuwa akiwawekea kikombe kimoja kikubwa bila kuulizwa. Waliokuwa hawajui ni watu wa Kanyamwa. Kila Gesare alipouliza, jibu lilikuwa lile lile: Cephas. Cephas ni kaka mkubwa wa Caleb na hajaoa, na kwa Waluo mdogo hamruki mkubwa. Akimruka anakaribisha chira, yaani balaa lile linalomwandama mtu aliyevunja mila, na balaa hilo halibagui, linaweza kumwangukia hata mtoto atakayezaliwa. Basi wamngoje Cephas aoe. Wakangoja. Gesare akamwombea mchumba mtu ambaye hajawahi kumwona, akamwombea kwa jina kila usiku, kwa sababu ndoa yake ilikuwa imekaa nyuma ya ndoa ya mwanamume huyo.

Kwao Suneka baba yake alikuwa amechoka zaidi yake. Mwaka wa kwanza aligomba kwamba binti wa Kisii anaolewaje na Mluo, kana kwamba wanaume wa Kisii wameisha. Mwaka uliofuata akaacha kugomba, akawa anauliza tu, kwa upole uliouma kuliko matusi, kama huyo Mluo wake amemweka kwenye friji. Sasa alikuwa amejitokeza Ongeri kumposa, karani wa kiwanda cha majani chai, mgane mwenye adabu zake. Wazee wake walitaka jibu, na baba alisema atalitoa Jumapili hii baada ya ibada. Leo ilikuwa Ijumaa.

Kwa hiyo walipoanza kusukuma baiskeli kupanda kutoka korongoni, mawe yakiteleza chini ya raba zao, Gesare alijua jambo moja tu. Caleb akimwambia mama yake leo kwamba huyu ndiye mke wangu, yeye atampigia baba simu na kumkataa Ongeri, liwe liwalo. Asiposema, basi.

"Caleb," aliita. Pumzi zilikuwa zinamkatika. "Utamwambia mama mimi ni nani?"

"Nitamwambia."

"Utatumia neno gani?"

Caleb alisimama, akaegemea usukani. Jasho lilikuwa limemchora mistari kwenye vumbi la uso. "Gesare, si tumetoka asubuhi yote hii kwa ajili hiyo? Nitapata neno."

Hakumbishia. Mama mmoja aliyekuwa akishuka mtoni na debe kichwani alimuuliza Caleb kwa Kijaluo anamtesa mtoto wa watu kwa kosa gani, na Caleb akacheka. Gesare alielewa, kwa kuwa Migori ilikuwa imemfundisha Kijaluo cha sokoni, lakini kicheko hakikumjia.

Na shida ya Caleb, ukitaka ukweli, ni kwamba alikuwa mwema. Angekuwa mkorofi, kazi ingekuwa rahisi. Kila kona alisimama kumngojea. Alimshushia kiti cha baiskeli alipoona anajinyoosha mgongo. Kwenye kijito kimoja alilowesha leso yake, akamfuta uso pole pole, paji, mashavu, chini ya kidevu, na macho yake yakamtulia usoni kwa namna ile ambayo Gesare alikuwa anaijua na bado ilikuwa inamlegeza. Akatamani amwegemee palepale kwenye majani na kulala, safari iishie hapo, Cephas na Ongeri na mila za watu wote waende zao. Caleb akamkunjia chapati, akamlisha kipande cha kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Mwanamume aliyeweza yote hayo, kilichokuwa kinamshinda ni sentensi moja.

Walifika uwanda wa juu mchana, Gesare akiwa hana hata nguvu za kushangaa. Upepo ulikuwa wa baridi, mtama umesimama mashambani, ng'ombe wachache wakiwatazama bila haraka. Mbali sana chini ziwa lilikuwa linang'aa. Caleb alitaja vilima kimoja kimoja. Gesare aliitikia kila jina, mradi tu wasisimame tena, kwa sababu aliona wakisimama hataondoka.

Hawakuwa mbali na kwao Caleb wakati tairi yake ya nyuma ilipopata pancha. Akafungua mfuko wa vifaa, akakuta gundi ya viraka imekauka kwenye chupa. Ikambidi arudi mpaka kwenye yale maduka waliyoyapita. Alimwangalia Gesare alivyokaa chini kando ya njia, miguu imenyooka mbele, akamhurumia. Akamwambia atangulie nyumbani. Ni boma la kwanza lenye ua wa minyaa. Mama atakuwa kwenye kikundi cha akina mama kanisani, Cephas shambani.

"Ingia tu usiogope," alisema. "Zile nyumba ndogo mbili karibu na lango, ya mkono wa kushoto ndiyo yangu. Haina kufuli. Jinyooshe, nakuja."

Sasa hapa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo mambo yalipoharibika. Kwa kina Caleb, kushoto na kulia kwa boma hakuhesabiwi na mgeni anayeingia. Anahesabu mwenye nyumba, akisimama mlangoni pa mama na kutazama lango. Kulia kwake anajenga mwana mkubwa, kushoto kwake anayefuata. Caleb alikuwa amezaliwa katika hesabu hiyo, na pamoja na ramani zake zote haikumpitia akilini kwamba kuna kushoto kwingine duniani. Gesare naye akaingia langoni na macho yake ya kutoka Suneka, akageukia mkono wake wa kushoto, akaegemeza baiskeli ukutani na kuvua raba mlangoni.

Nyumba ya kijana asiyeoa Waluo wanaiita simba, na ni simba asiyemng'ata mtu isipokuwa msichana anayelala ndani yake bila kujua. Ndani palikuwa pasafi kuliko alivyotarajia. Kitanda cha kamba, blanketi iliyokunjwa, koti la mvua ukutani. Alishangaa kidogo kwamba hapakuwa na kitabu hata kimoja kwa mtu apendaye vitabu kiasi kile, lakini mshangao wenyewe ulikuwa na usingizi. Akajilaza. Hakukumbuka hata kufumba macho.

Aliamshwa na vigelegele.

Mwanzoni alidhani ni ndoto, au kuna arusi jirani. Halafu mlango ukafunguka, mwanga ukamwagika ndani, na wanawake wenye vitambaa vyeupe vya kanisa kichwani wakawa wamejaa pale, wanaimba, wanapiga makofi, mmoja anacheza na bibilia kwapani. Mbele yao alisimama mama mwembamba, machozi yakimtiririka wazi wazi bila kuyafuta. Aliinama akamshika Gesare mikono yote miwili, akavibusu viganja.

"Karibu nyumbani, nyathina," alisema. Mwanangu. Kisha akageukia wenzake na maneno ya Kijaluo yakamtoka kwa kasi, na Gesare, akiwa bado ameketi kitandani nywele zimevurugika, akawa anayaokota moja moja. Cephas. Mke wa Cephas. Mtoto huyu hasemi jambo, kumbe alikuwa anapanga kimya kimya. Kumbe Mungu hakulala.

Gesare alielewa yote kwa mara moja: koti lile la mvua, nyumba isiyo na vitabu, na kile alichowahi kusikia kwa walimu wenzake wakitaniana, kwamba binti akishalala kwenye simba ya mtu, mchana au usiku, hakuna cha kuuliza tena, ameolewa. Mama Susana, ndiye mama yake Caleb, alikuwa amerudi kutoka kanisani akakuta baiskeli ya kike ukutani kwa mzaliwa wake wa kwanza, na viatu vya kike mlangoni. Angefikiria nini kingine?

Angeweza kusema mwenyewe. Kijaluo chake kilitosha: mama, nimekosea nyumba, mimi ni wa Caleb. Maneno yalimfika mpaka kwenye meno. Akayazuia. Miaka yote hiyo alikuwa anayangoja kutoka kinywani mwa mtu mwingine, na kama atayasema yeye leo, basi atayasema yeye maisha yake yote. Akavaa raba zake taratibu, akatoka nje pamoja na wimbo wao, akasimama uani akilitazama lango.

Caleb akaja akisukuma baiskeli, chupa mpya ya gundi mkononi. Aliona umati, akaona Gesare katikati, akaona mlango ulio wazi ni wa upande gani. Mama yake akamkimbilia kama msichana. Njoo, alimwambia, njoo umsalimie shemeji yako, kaka yako ametuletea mtu, na wewe sasa njia imefunguka, kalete wako. Wanawake wakacheka na kupiga vigelegele tena.

Macho ya Caleb na ya Gesare yakakutana juu ya vile vitambaa vyeupe. Hapo palikuwa na nafasi, msomaji, nafasi ya dhahabu. Angecheka tu. Angesema mama, mmemvamia mgeni wangu, huyu amechanganya mkono, huyu ndiye wangu niliyemleta umwone. Furaha ilikuwa tayari imeshapikwa, kilichobaki ni kuipakulia sahani nyingine. Gesare alimwangalia bila kupepesa.

"Caleb," alisema, kwa sauti ya chini, "waambie."

Caleb alimtazama mama yake, ambaye machozi yalikuwa hayajamkauka mashavuni. Akatazama chupa ya gundi.

"Mama, mmekosea," alisema. "Huyu ni mwalimu mwenzangu. Tunapita tu. Tunatalii na baiskeli."

Wimbo ulikufa pole pole, mwanamke mmoja mmoja, mpaka akabaki yule wa nyuma ambaye hakuwa amesikia vizuri, na jirani yake akamgusa. Gesare hakulia. Alihisi uchovu wa siku nzima ukimpanda kutoka nyayoni, ukapita magoti, ukapita kiuno, ukakaa mabegani, na akajua kwamba haukuwa wa siku hii peke yake.

Aliyemuuma zaidi ni mama Susana. Alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa, akatafuta sura ya kuvaa asiipate. "Nisamehe, mwanangu," alimwambia kwa Kiswahili, polepole. "Mimi nimeombea Cephas mke mpaka nimeanza kuona mke mahali hayuko. Kaa chini, kunywa uji. Usiende na njaa kwangu." Na Gesare akakaa, akanywa uji wote, kwa sababu kuuacha kungekuwa kumwongezea mzee yule aibu. Caleb alikuwa amepindua baiskeli kando ya lango, anakwangua tyubu kwa sandipepa, kichwa ameinamisha. Hakuja kukaa karibu.

Wakati huo mwanamume mrefu mwenye jembe begani alikuwa amesimama langoni, na haikujulikana amesimama tangu lini. Alitazama mlango wa nyumba yake, akaitazama baiskeli ya kike, akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Alilaza jembe, akanawa mikono.

Gesare alipoaga, Caleb aliinua uso na kumwambia asubiri kidogo, kiraka hakijashika. "Malizia tu," alimjibu. Cephas akaichukua ile baiskeli nzito bila kuombwa, akaisukuma kwenye njia iendayo ukingoni mwa uwanda, na Gesare akamfuata.

Cephas alitangulia hatua chache, kwa heshima, na aliposema alisema bila kugeuka.

"Wewe ndiye yule Mkisii."

Gesare alisimama. "Unanijua?"

"Nakujua kwa jina. Gesare. Unafundisha hesabu, na hupendi samaki wa kukausha." Sauti yake ilikuwa na tabasamu dogo lililochoka. "Alinieleza yote siku ile nilipomwita. Alikwambia nilimwita?"

"Aliniambia wewe ndiye mkubwa. Aliniambia hawezi kukuruka."

Cephas aliegemeza baiskeli kwenye jiwe. Akavua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Dada, sikiliza. Mimi sitaoa. Yule niliyemtaka aliolewa Rusinga, na sijapata moyo mwingine. Nikaona si haki kumfungia kijana njia. Mwaka ule wa mvua za El Nino nilimwita mbele ya baba yetu mdogo, nikamwambia pita. Wazee wakakubali. Kuna dawa zake na kuna utaratibu wake, chira inaondolewa, si mara ya kwanza. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja, yeye mwenyewe amwambie mama. Wazee walisema hilo haliwezi kusemwa na mtu mwingine."

Upepo ulikuwa unavuma kutoka chini, wa joto. Gesare alijikuta amekaa juu ya lile jiwe. Mvua za El Nino. Mwaka ule Migori ilikuwa matope matupu, na Caleb alikuwa akimbeba mgongoni kuvuka mtaro wa shule, na akimbeba alikuwa akimwambia sikioni avumilie kidogo, Cephas ataoa tu. Kumbe hapakuwa na mlango uliofungwa. Alikuwa amesimama mbele ya mlango ulio wazi, akibisha, huku aliye ndani akimwambia ngoja natafuta ufunguo.

"Kwa nini hakusema?" aliuliza, ingawa hakuwa na hakika kama anataka jibu.

"Anamwogopa mama kulia. Tangu mzee wetu afe, mama analia kwa ajili yangu, kwamba mimi sina mtu. Caleb akisema anapita, ndiyo kusema mimi nimeshindwa, na mama atalia siku hiyo kuliko siku zote. Anampenda sana. Na wewe anakupenda, usifikiri hakupendi." Cephas alivaa kofia yake. "Lakini leo mama amelia bure, na yeye bado hajasema. Hilo ndilo nimeliona langoni."

Alimpa usukani. Alimwonyesha njia ilipo na kumwonya kuhusu breki, na kwamba chini kwenye bonde asisimame hovyo, mbung'o wa Lambwe hawana adabu. Gesare alimshukuru. Alitaka kumwambia kwamba amekuwa akimwombea kwa jina kila usiku, ila akaona atamwongezea mzigo. Akaondoka.

Mteremko wa Kanyamwa hauhitaji nguvu, unahitaji mikono tu. Alishuka akiwa amebana breki mpaka vidole vikafa ganzi, mawe yakirukaruka chini ya magurudumu, na bonde likimpandia usoni na joto lake. Chini alikanyaga pedeli bila kufikiri. Mbung'o walimng'ata shingoni, akawaacha. Mara mbili tatu alidhani anasikia kengele nyuma yake na hakugeuka.

Jua lilikuwa limeanza kugusa maji alipotokea kwenye barabara ya Mbita, kilima cha Asego kikaonekana mbele na mabati ya Homa Bay chini yake. Hapo Caleb akamfikia. Alikuwa amekanyaga kama mwendawazimu, shati limemganda mwilini, akapita mbele yake na kusimama akiwa amekinga njia.

Wote wawili walikuwa wanahema.

"Cephas amekwambia," alisema Caleb hatimaye.

"Ameniambia."

"Gesare, nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Nilipomwona mama analia kwa furaha vile..." Alishusha baiskeli chini, ikaanguka ubavu, hakuijali. Akaja karibu, akamshika mkono uliokuwa bado umeng'ang'ania usukani, akaufungua kidole kimoja kimoja na kuukanda. "Nimekukosea. Sina cha kujitetea. Nakupenda, na wewe unajua nakupenda. Nikikukosa sijui nitakuwa mtu gani."

Na Gesare aliamini. Hilo ndilo lilikuwa gumu. Aliona machozi kwenye macho yale anayoyapenda, akaona vumbi la uwanda wote kwenye kope zake, na kila kiungo mwilini mwake kilitaka aegemee kifua kile na kupumzika. Aliuacha mkono wake ukandwe. Akangoja. Alikuwa tayari, naapa alikuwa tayari, kupanda tena mlima ule wote gizani kwa miguu, kama mtu huyu angesema neno moja tu, turudi.

"Nitamwambia mama," alisema Caleb. "Nakuapia. Leo ameumia, si vizuri kumwongezea. Nipe muda kidogo tu atulie. Nipe mpaka Krismasi."

Gesare akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Migori, kidogo, kisicho na uchungu, na Caleb akadhani amesamehewa, akaanza kutabasamu naye.

"Umeniomba muda tena," Gesare alisema.

Tabasamu la Caleb likabaki lilipokuwa, halijui liende wapi.

Gesare aliutoa mkono wake mikononi mwa Caleb. Aliutoa taratibu, bila kumnyang'anya, akaurudisha kwenye usukani. Akamwambia asubuhi atapanda basi la Kisii, na baiskeli ya watu ataipakia juu, mke wa mwalimu mkuu ataipata Jumatatu. Akamwambia amsalimie mama Susana, uji wake ulikuwa mzuri.

"Unaenda kumwambia baba yako ndiyo?" sauti ya Caleb ilikuwa imepasuka. "Gesare. Jumapili utamjibu nini Ongeri?"

"La Ongeri ni la Ongeri, nitalifikiria nikishalala. La kwako nimeshakupa."

"Hujanipa jibu lolote."

"Basi ngoja," alisema Gesare. "Nami nikuone unavyongoja."

Akaizungusha baiskeli kumpita, akapanda. Miguu ilikuwa mizito na barabara iliyobaki ilikuwa tambarare, akaikanyaga pole pole kuelekea mjini kutafuta mahali pa kulala.